Sahani Zilizorudi na Sosi

Kimya ndiye aliyeziona kwanza, kwa sababu ndiye aliyeziosha. Jumanne mchana sahani ya nyama ilirudi jikoni na sosi imesukumwa ukingoni, kama mtu anavyosukuma mfupa. Ya pili vilevile. Hadi jioni zilifika kumi na moja.

Mwosha vyombo ana elimu yake. Sahani iliyofutwa kwa mkate ina habari zake, na iliyoachwa na rojo ina zake. Mwenye macho haambiwi tazama. Lakini jina la Kimya hakupewa bure. Alifungulia maji, akaosha, akanyamaza.

Sosi ilikuwa ya Fundi. Ndivyo jiko zima lilivyomwita mpishi wa sosi, kijana mrefu mwenye kitambaa begani na maneno mengi mdomoni. Sosi yake ya wiski ndiyo iliyojaza meza: siagi, kitunguu, pilipili manga, krimu, na wiski ya chupa ghali. Ikaenda hivyo mpaka Jumatatu ya wiki hiyo, mwenye hoteli, ambaye wote walimwita Mama, aliposema:

"Chupa hiyo ni ya wageni kunywa. Sufuria haijui lebo. Nitafutie ya bei nafuu."

Fundi alileta chupa tatu ndogo, akazipanga kando ya sinki. Akamimina kidogo kidogo kwenye glasi, akaonja kwa madaha kama bwana harusi anayechagua suti.

"Hii ya kwanza maji matupu. Hii ya mahindi tamu mno, pipi ya watoto. Hii ya tatu sasa! Ina moshi, nzito, inashika koo. Hii ndiyo wiski, Kimya!"

Akaipikia sosi palepale, akamletea kijiko.

"Haya, mwonjaji wangu. Sema."

Kimya hakuwa mwonjaji kwa kazi. Ilianza siku ya kwanza alipoajiriwa, miaka miwili nyuma. Fundi alimpa mkate na sosi, naye akaifuta sahani mpaka ikang'aa. Tangu hapo Fundi alijigamba kwa kila mtu: "Sahani ya Kimya haikuhitaji maji! Ulimi ule haudanganyi." Na tangu hapo kila sosi ilipita kwake kwanza, naye akajibu neno lilelile.

Sosi ya moshi ilimwachia jivu mdomoni, kana kwamba amelamba mkaa. Akamtazama Fundi aliyekuwa anasubiri, nyusi juu.

"Nzuri," akasema.

Ijumaa mchana Mama aliingia jikoni na sahani mkononi.

"Fundi, hii nini?"

"Sosi, Mama."

"Najua ni sosi, sijapofuka. Mbona inatoka na kurudi kama kuku anayejua banda?"

"Labda mgeni alishiba."

"Alishiba sosi tu? Mbona nyama kaimaliza?"

Mpishi wa nyama akacheka, kisha akajifanya anakohoa.

"Kesho saa sita nitakula mwenyewe," Mama akasema. "Ikinishinda, sosi inatoka kwenye orodha, na wewe unakwenda tawi la stendi kukaanga chipsi."

Tawi la stendi lilikuwa katika mji mwingine, mwendo wa saa nane kwa basi. Waliokwenda huko walisalimia kwa simu mwezi wa kwanza, basi.

Fundi alingoja Mama atoke. Kisha akageukia sinki.

"Kimya. Sahani zimekuwa zikirudi hivi?"

"Zimekuwa zikirudi."

"Tangu lini?"

"Jumanne."

"Jumanne! Na ulionja, ukasema nzuri!"

Kimya akasugua sahani ambayo ilikwisha kuwa safi.

"Dada yangu, mtu akimwona mwenzake ana mboga kwenye meno humwambia. Wewe umeniacha nicheke na watu siku nne."

Jioni Kimya alipofika chumbani kwake, ujumbe wa Fundi uliingia kwenye simu: "Niliamini ulimi wako kuliko wangu. Usinionjee tena." Aliusoma mara tatu. Akampigia shangazi yake aliyemlea.

"Shangazi, mtu ukimpenda, unamwambia kwamba alichopika ni kibaya?"

"Nani huyo?"

"Hakuna mtu."

"Huyo hakuna mtu, ana mke?"

"Hana."

"Basi mwambie. Marehemu mume wangu kwa miaka tisa alikula chumvi yangu iliyozidi, eti adabu. Siku aliyosema nililia mpaka nikavimba macho. Kesho yake tukaanza kula vizuri. Mficha uchi hazai, mwanangu."

Jumamosi saa moja asubuhi Fundi alikuta jiko limewashwa. Sufuria tatu ndogo zilikuwa motoni, na mbele ya kila moja ilisimama chupa yake.

"Unafanya nini kwenye jiko langu?"

"Onja."

"Nimekwambia sitaki..."

"Leo onja wewe. Kusema nitasema mimi."

Kwa miaka miwili hakuwahi kumsikia akitoa maneno mengi hivyo kwa mpigo. Fundi akashika kijiko, akachota sufuria ya kwanza.

"Hii mbaya," Kimya akasema. "Wiski yake nyepesi. Harufu imepaa yote, imebaki krimu na kitunguu."

Fundi akachota ya pili, ile ya moshi.

"Hii mbaya zaidi. Kwenye glasi moshi unapita kooni, unakwisha. Kwenye sufuria maji yanapungua, moshi haupungui. Linabaki jivu. Wewe uliichagua kama kinywaji, Fundi. Hukuichagulia sufuria."

Fundi alifungua mdomo kujibu. Kimya akamsogezea sufuria ya tatu.

"Ya mahindi. Ile pipi yako."

Fundi akaonja. Akarudia kuonja. Akasahau kuweka kijiko chini.

"Ikichemka na krimu utamu unatulia," Kimya akasema. "Na bei yake ndiyo ndogo kuliko zote."

"Ulijuaje, na sikuipika?"

"Nilipoosha glasi zako kwa maji ya moto, mvuke wa hii ulinukia keki. Wa ile ya moshi ulinuka majivu."

"Tangu siku ile unajua? Kwa nini hukusema?"

"Ungenuna."

"Ningenuna, ndiyo! Kununa kwangu ni nusu saa! Stendi ni maisha!"

Saa sita Mama alikula peke yake, mgongo kwa mlango wa jiko. Hakuna aliyeona uso wake. Sahani ilipoletwa, mhudumu aliipitisha moja kwa moja hadi kwenye sinki, na Kimya akaipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa imefutwa kwa mkate, hata ukingoni.

"Amesema agizeni katoni ya wiski hiyo," mhudumu akasema, akarudi mezani.

Mpishi wa nyama alipiga makofi. Fundi hakupiga. Alikuja akasimama kando ya sinki, akavua kitambaa begani, akakikunja, akakikunjua.

"Kimya, nina swali. Na usiniambie nzuri."

"Uliza."

"Nikija kwa shangazi yako kukuposa, utasemaje?"

Maji yalikuwa yanatiririka. Kimya akayafunga.

"Nitasema ndiyo. Lakini kuna jambo ulijue kwanza."

"Lipi?"

"Sosi ya siku ile niliyoanza kazi. Ile unayojigamba nayo."

"Sahani iliyong'aa!"

"Iliungua, Fundi. Ilikuwa chungu mpaka machozi yakanilengalenga."

"Na ukaifuta yote?"

"Niliifuta yote kwa sababu ulisimama unaniangalia, na nilijua nikimaliza utasogea tena kuniongezea."