Mafuta ya Mnanaa Kando ya Boila

Makopo yote yalikuwepo. Kilichoibwa, wakulima walisema, kilikuwa ndani.

Mafuta ya mnanaa ambayo ushirika mmoja karibu na Mogogosiek ulikuwa umeyakamua kwa mvuke yalitakiwa kuwa maangavu. Mnunuzi alifungua akakuta mafuta ya manjano, mazito, yanayonuka tapentaini. Akayakataa yote. Macho yakamgeukia mwenye funguo za stoo, Calvince Adongo, mtu wa kutoka ziwani. Mgeni hakosi lawama. Kabla ya adhuhuri alikuwa korokoroni, bila viatu wala mshipi, akishukiwa kuuza mafuta mazuri na kuweka mabovu.

Inspekta Nelvine Bosire hakupenda kesi inayokwisha upesi hivyo. Alipeleka sampuli kwa mkemia. Jibu likaja: hakuna kilichochanganywa. Ni mnanaa mtupu, ulioharibiwa na joto na hewa.

Lakini stoo ilikuwa baridi, haina hata dirisha. Joto lilitoka wapi? Nelvine akafuata harufu hadi chumba cha boila, tangi la kuchemshia maji ya mvuke. Juu ya ubao alikuta duara zinazonata, upana wa makopo yale yale, na alama za vidole. Hazikuwa za Calvince.

Akamwita mwenyekiti wa ushirika, Mzee Kipngeno, mwenye ufunguo wa akiba wa stoo, aliyekausha chai viwandani maisha yake yote.

"Mzee, nikichukua alama zako za vidole nitapata nini?"

Kipngeno akavua kofia. "Ni mimi, madam. Hiyo stoo iko baridi, ukuta inatoa maji. Majani chai ukiweka hapo inaoza. Nikapeleka makopo kwa joto, nikalegeza vifuniko mafuta ikauke vizuri. Harufu ilipobadilika, nikarudisha."

"Na Calvince?"

"Mimi ndiye nilisimama kanisani nikaambia watu wang'oe chai wapande mnanaa. Ningewaambia nini sasa? Nikanyamaza, nikaacha kijana wa watu achukuliwe."

Nelvine alimhurumia, na alimkasirikia pia. Alimwambia kwamba kuharibu mafuta bila kujua si jinai, ila kuhusu kule kunyamaza atamwandikisha taarifa kamili.

Calvince akafunguliwa, akarudishiwa viatu. Nje wakulima walijaa langoni wakimngoja mwizi. Akasita mlangoni. Mzee akamshika mkono, akatangulia yeye.

"Huyu hajaiba," akawaambia. "Mafuta niliharibu mimi. Na siku mlipomshika, nilikuwa najua."