Tak-Tak Chini ya Dawati

Asubuhi ile Darubini aliamka kabla ya kuitwa. Mama yake alimtazama kwa mashaka.

"Unaumwa?"

"Hapana, mama. Leo kuna jaribio la hesabu."

"Ndiyo maana nikauliza."

Darubini lilikuwa jina la utani, na alilipata kwa jasho lake. Nani kabadilisha viatu, nani kalia chooni, nani kaficha andazi mfukoni: yote aliyaona, na asiyoyaona aliyakisia. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili mwenye shingo ndefu, na shingo hiyo haikupumzika.

Shule zilikuwa zimefunguliwa majuzi tu. Kwa miezi mingi wanafunzi walikuwa wakisomea nyumbani kwa simu za wazazi, na waliporudi, walimu walikutana na vituko. Mmoja alisinzia kila saa ya pili. Mwingine alipoulizwa swali alijibu, "Rudia, mwalimu, mtandao umekata." Mwalimu wa hesabu, mwanamume mrefu mwenye sauti ya pole, aliamua kupima nani amebaki na nini kichwani. Atakayepita jaribio angeendelea na darasa la sita. Atakayeshindwa angerudia la tano, akae na watoto wanaomfika kifuani.

Jaribio lilianza. Darasa likawa kimya kama limemwagiwa maji. Ndipo Darubini aliposikia.

Tak-tak. Tak-tak-tak. Tak.

Sauti ilitoka dawati la mbele yake. Pale walikaa wavulana wawili. Wa kwanza aliitwa Mzee Kimya, kwa sababu tangu shule ifunguliwe hakuna aliyemsikia akimaliza sentensi ndefu. Wa pili ni Mapengo, ambaye meno yake ya mbele yaliondoka bila kuaga. Darubini aliinama akijifanya ameangusha kifutio. Viatu vya Mzee Kimya vilikuwa vikigonga sakafu, kisigino, vidole, kisigino, vidole. Na pembeni yake Mapengo, yule Mapengo aliyekuwa akijumlisha kwa kuhesabu vifungo vya shati, alikuwa akiandika kama anayekimbizwa!

"Ehee," Darubini alijiambia. "Wanatumiana majibu kwa miguu."

Yeye mwenyewe swali la tano alilisahau. Lakini nani ana muda wa swali la tano wakati kuna wahalifu?

Karatasi zilipokusanywa, alinyoosha mkono mpaka akakaribia kusimama juu ya dawati.

"Mwalimu, kuna watu wanaibiana majibu. Mzee Kimya anagonga sakafu, Mapengo anaandika."

"Mimi?" Mapengo aliruka. "Mwalimu, anasingizia huyo! Dada yangu alirudi nyumbani chuo chake cha ualimu kilipofungwa, akakosa wa kumfundisha, akanikamata mimi. Kutwa nzima! Hata kula nilikula kwa sehemu: robo ya mkate, theluthi ya yai!"

Darasa likacheka. Mwalimu akamwita ubaoni, akampa swali jipya. Mapengo alilitafuna haraka, akarudi kwenye dawati akitembea kwa madaha.

Mtu mwingine angeona aibu. Darubini aligeuza tu upande. "Basi Mapengo ndiye anayetoa, mwalimu. Mzee Kimya anapokea. Akigonga ndiyo anauliza!"

Macho yote yakamhamia Mzee Kimya. Mwalimu alimpa chaki. Mvulana akasimama mbele ya ubao, miguu ameibana pamoja kama mtu aliyesimama kwenye tope. Chaki haikusogea. Jasho likamshuka nyuma ya sikio.

"Ulikuwa unagonga sakafu?" Mwalimu aliuliza.

"Ndiyo, mwalimu."

"Kwa nini?"

Mvulana aligeuzageuza chaki mkononi.

"Mwanangu, nisaidie nikusaidie. Kwa nini ulikuwa unagonga?"

Mvulana alitazama sakafu. "Siwezi kusema."

Mwalimu alikunja karatasi ya mvulana akaiweka kando. "Siisahihishi hii mpaka nipate maelezo. Ijumaa nasoma majina ya wanaopanda darasa. Usipoeleza, jina lako halitakuwemo."

Darubini angetakiwa kufurahi. Badala yake alipata mwasho mpya. *Siwezi kusema.* Kwa nini hawezi? Basi jambo lenyewe ni kubwa kuliko alivyodhani! Mchana huohuo alimfuata Mzee Kimya kwa mbali, akijificha nyuma ya nguo za watu zilizoanikwa. Mvulana aliingia nyumba ya mwisho kwenye uchochoro, yenye kibao kilichoandikwa FUNDI WA NGUO. Darubini alisubiri kidogo, akang'oa kifungo cha shati lake kwa meno, kisha akabisha hodi.

"Karibu, mwanangu," ilisema sauti ya mama.

Chumba kilikuwa kidogo na kimejaa vitambaa mpaka kwenye kingo za dirisha. Fundi alikaa nyuma ya cherehani, akisukuma kitambaa cha buluu chini ya sindano. Chini ya meza yake, cherehani kilifunikwa pande zote kwa shuka refu lililofika sakafuni.

"Shikamoo, mama. Kifungo changu kimetoka."

"Marahaba. Kimetoka au kimetolewa? Mbona kina alama za meno?" Fundi alicheka. "Subiri nimalize mshono huu."

Darubini akasubiri, na shingo ikaanza kazi yake. Sindano ilikuwa ikipanda na kushuka, tak-tak-tak. Lakini miguu ya fundi... Darubini alifikicha macho. Miguu yote miwili ya fundi ilikuwa nje ya shuka, nyuma ya rundo la vitambaa, imenyooshwa juu ya kigoda, goti moja limefungwa bendeji nene. Miguu imelala, cherehani kinakimbia! Nywele zilimsimama. Kisha kutoka chini akasikia sauti ndogo ikisema, "Saba mara nane, hamsini na sita. Saba mara tisa, sitini na tatu."

Akainua shuka.

Mzee Kimya alikuwa amekaa chini upande wa pili, daftari mapajani, miguu yote miwili kwenye pedali. Walitazamana. Sindano ikasimama.

"Basi tumekamatwa," alisema fundi, akashusha pumzi. "Niliteleza nikaumia goti mwanzoni kabisa mwa kufungwa kwa shule. Siwezi kukanyaga pedali. Mwanangu ndiye miguu yangu. Simu ya masomo tulikuwa tukiiweka hapa juu ya cherehani, mwalimu anafundisha, yeye anakanyaga. Hesabu zote za miezi ile kazisoma hivi. Nilimwomba asimwambie mtu. Wateja wakisikia fundi mgonjwa, watapeleka vitambaa kwingine."

Darubini alihisi masikio yanawaka. Yule aliyedhani anatuma majibu alikuwa anafikiri tu. Miguu yake ilikuwa imezoea kufikiri pamoja na kichwa. Na pale ubaoni, ilipobanwa, kichwa nacho kilikwama.

"Mama, hajakwambia?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kunambia nini?"

"Acha," Mzee Kimya alisema haraka.

Darubini angeweza kuchukua kifungo chake akaondoka. Fundi hakujua yeye ni nani, na Mzee Kimya asingemtaja. Lakini Ijumaa ilikuwa kesho kutwa.

"Mwalimu amezuia karatasi yake. Anadhani aliiba majibu. Akikataa kueleza atarudia darasa." Alikifumbata kifungo chake. "Na aliyemsemea ni mimi."

Fundi hakupiga kelele. Hilo lilikuwa baya zaidi. Alimgeukia mwanawe. "Ulikuwa tayari kurudia darasa kwa ajili ya siri yangu?"

"Uliniomba, mama."

"Niliomba vibaya." Akatafuta fimbo yake ya kutembelea. "Wateja na wajue. Kesho tunakwenda shule wote watatu. Na wewe, binti, utasema mwenyewe, kwa mdomo huohuo."

Kesho yake Darubini alisimama mbele ya darasa zima na kusema kwamba alichokiita wizi alikuwa amekibuni. Mapengo alikohoa kwa makusudi. Fundi akaeleza habari za goti na pedali. Mwalimu alisikiliza, kisha akasahihisha karatasi palepale mezani kwake. Baadaye akampa mvulana swali jingine, alifanye akiwa amekaa dawatini.

"Kanyaga unavyotaka," alimwambia. "Hapa hakuna sindano."

Mzee Kimya alikanyaga, akaandika, akapata. Ijumaa jina lake lilisomwa pamoja na la Mapengo. La Darubini lilikuwa la mwisho kabisa. Lile swali la tano lilimgharimu.

Siku hiyo mwalimu hakufungua kitabu. Aliwauliza kila mmoja amerudi na nini kutoka nyumbani. Ilichukua muda, lakini midomo ilifunguka. Mmoja anaogopa kelele za watu wengi. Msinziaji alikuwa akisoma usiku tu, kwa sababu mchana simu ilikuwa kazini na baba. Zamu ya Darubini ilipofika alisita.

"Mimi nilikuwa peke yangu. Nilikaa dirishani kutwa, nikiwatazama watu nisioweza kuongea nao. Nikawa nawatungia visa."

"Na ulipoweza tena kuongea nao, ukaendelea kutunga," mwalimu alisema. "Hata mimi nimekosea. Nilimuuliza mwenzenu mbele ya macho arobaini, badala ya kumketisha pembeni. Sikilizeni, wanangu. Hakuna aliyerudi hapa kama alivyoondoka. Ukimwona mwenzako ana jambo usilolielewa, mfuate umuulize kwa upole kabla hujamsema kwa wengine. Na wewe ukiwa na mzigo, tafuta mtu mzima unayemwamini umwambie. Shule si ya hesabu peke yake."

Walipotoka, Darubini alimkimbilia Mzee Kimya mlangoni.

"Umenisamehe?"

Mvulana aligonga kizingiti kwa kisigino, tak-tak. "Nimekusamehe. Lakini kuanzia leo utakaa dawati la mbele, mimi nikae nyuma yako."

Hiyo ndiyo ilikuwa sentensi yake ndefu ya kwanza kuimaliza tangu shule ifunguliwe, na Mapengo aliizungusha shule nzima kabla ya kengele kulia.