Gango Lenye Adabu

Jua lilipogusa paneli za paa, Gango liliamka kabla ya mwenye taya. Lilinyonya mate yaliyojaa chini ya ulimi, likapima joto la ufizi, kisha likaamkia kama mtoto aliyelelewa.

"Sikamoo bibi. Umeamka salama?"

Sauti ilipitia mfupa ulio nyuma ya sikio. Ilikuwa sauti ya Semeni, mjukuu wa Bi Chausiku, iliyorekodiwa siku bibi yake alipolazwa, wakati mtoto ana pengo mbele na shikamoo yake inavuja. Tangu jana Bi Chausiku alikuwa amejiandaa kujibu neno jingine kabisa. Lakini ulimi una mazoea yake bwana. "Marahaba," ukasema wenyewe, na kabla hajaongeza lolote sauti yake ikafungwa. Taa juu ya kitanda ikawaka kijani, na skrubu ndani ya taya lake ikazunguka kidogo.

Basi, mpaka kesho.

Gango, mashine ya kuunga taya, lilikuwa fahari ya hospitali ya kinywa na taya iliyojengwa Morogoro, chini ya milima. Zamani mtu aliyeota uvimbe kwenye taya alikatwa mfupa akaachiwa uso uliobonyea, akajifunika khanga maisha yake yote. Sasa roboti walikata kipande kilicholiwa na uvimbe, na Gango likashika ncha mbili zilizobaki. Kila asubuhi lilizivuta kwa unene wa unywele, na katikati mfupa mpya ukaota. Ili mfupa usitikisike, meno ya juu yalifungwa na ya chini, kichwa kikawekwa kwenye fremu kikitazama dari, na mikono ikafungwa mishipi ili mgonjwa asije akang'oa nyuzi za Gango akiwa usingizini. Uji ulipita puani kwa mrija. Maneno nayo yalikuwa ya mgao: Gango lilisoma mitikisiko ya ulimi, likaigeuza kuwa sauti kwenye kipaza kilichobandikwa shingoni, jibu moja kila asubuhi, halafu kimya, mfupa upumzike.

Aliyelibuni ni Daktari Felisiana Mkude, na siku ya kwanza alilisifia bila kujizuia.

"Mashine za mwanzo zilikuwa zinamwambia mgonjwa, 'Taja maumivu.' Wazee walizichukia, mama. Hili nimelifundisha adabu mimi mwenyewe. Linaamkia kwanza."

"Na nisipoitikia?" Bi Chausiku aliuliza.

"Likiamkia mara tatu ukawa kimya, litajua umezimia. Litasimama na kutuita."

"Basi litasubiri sana. Sijawahi kumnyima mtoto marahaba." Kisha akaacha utani. "Kata unachokata, daktari, ila ulimi wangu niachie. Mtaa wetu mzima wa Kihonda harusi haianzi mpaka nipige kigelegele. Ukinirudishia taya bila ulimi, umenirudishia mfuniko bila sufuria."

Daktari alicheka, akaahidi.

Kwa hiyo ulimi ulipoanza kufa ganzi upande wa kushoto, Bi Chausiku aliogopa kuliko alivyoogopa uvimbe wenyewe. Baada ya ganzi ukaja moto. Uzi mmoja wa Gango ulikuwa umepita pasipo pake, umeuminya mshipa unaoulisha ulimi damu, na kila skrubu ilipozunguka uzi ulizidi kukaza. Yeye hakuyajua hayo yote. Alijua tu kwamba kila akiitikia shikamoo, anakabwa.

Asubuhi moja alijaribu kuyasukuma yote kwa pamoja: "Marahaba ulimi una—" Ikafungwa hapo. Gango lilitaka jibu, na jibu lilikuwa limepata.

Siku nyingine alijaribu kuanza na neno "ulimi". Lakini ulimi ulikuwa umevimba, hautamki kitu kikaeleweka, na Gango lisipoelewa lilikisia. Lilikuwa limeamkia, kwa hiyo lilisubiri marahaba. Mtikisiko wowote lilioupata liliusikia marahaba. Kipaza kilisema neno hilo kwa sauti yake nzuri ya zamani, sauti ya mtu mzima wa afya, naye yuko chini ya sauti hiyo anaungua.

Muuguzi wa zamu, kijana mpole, alipita akaona kijani. "Shikamoo mama. Naona tunaendelea vizuri." Bi Chausiku alimkodolea macho, akayapepesa mpaka yakamtoka machozi. Kijana akasoma kwenye skrini kwamba machozi ni tezi zinazozinduka baada ya upasuaji. Akamfuta kwa pamba, akatabasamu, akaenda zake.

Kijana alipoondoka, Bi Chausiku alilia kweli. Hasira ilimjaa, hasira ya kuzikwa hai ndani ya heshima. Laiti wangelifundisha utovu wa adabu, angekuwa ameshapona.

Ndipo maneno ya daktari yakamrudia. Mara tatu ukawa kimya. Njia ilikuwa hiyo moja. Lakini kwao mtu hanyimwi marahaba. Unayemnyima ni yule uliyemfuta, uliyesema huyu si wangu tena, sitaki dua yangu imguse. Mama yake mzazi alimnyima mwanawe mmoja, kaka yake Bi Chausiku, na yule kaka hakurudi tena nyumbani. Sasa yeye aitazame dari na kuisikia sauti ya Semeni, mke mwenzake, kama alivyozoea kumtania, na amnyime.

Ni mashine, alijiambia. Si mtoto.

Kulipokucha aliulaza ulimi kwenye sakafu ya mdomo na kuukandamiza usitikisike.

"Sikamoo bibi. Umeamka salama?"

Kimya. Koo lilimsukuma, akalizuia.

"Sikamoo bibi."

Kimya. Jasho lilimtiririka hadi masikioni. Ulimi uliwasha kwa kutaka kuitikia, nusu ile iliyobaki hai.

"Shikamoo bibi."

Hii haikuwa na pengo. Iling'aa kwenye sh, ikatoka upande wa kulia, chini, karibu na ubavu. Wamelirekebisha, akawaza. Wameliotesha meno.

"Bibi, shikamoo." Sasa ilitetemeka. "Bibi, ni mimi." Halafu ikaanza kulia, kwikwi za kweli kabisa, na Bi Chausiku akamlaani daktari moyoni. Hata kulia wamelifundisha, ili mtu asipate pa kutokea. Akafumba macho. Hakuitikia.

Kilio kikasogea mbali.

"Sikamoo bibi," Gango likasema mara ya mwisho, na pengo lake. Likasubiri. Taa ikawa nyekundu, skrubu ikasimama, na viatu vikasikika vikikimbia kwenye korido.

Walimfungua siku hiyo hiyo. Daktari Mkude alikata ule uzi kwa mkono wake mwenyewe, lakini nusu ya kushoto ya ulimi ilikuwa imeshakuwa nyeusi na ikabidi itolewe. Taya lilikuwa zima. Lilikuwa zuri hata, kila aliyeliona alilisifu.

"Lilihesabu marahaba kuwa ni 'niko vizuri'," daktari alisema, amekaa ukingoni mwa kitanda. "Nilidhani namheshimu mgonjwa. Nisamehe, mama."

Bi Chausiku alimshika mkono. Alikuwa tayari kusamehe, maana alijiona ametoka kaburini. Ndipo daktari akainamisha kichwa.

"Kuna jingine. Asubuhi ile mwanao Kondo alipita na Semeni kabla ya shule. Mtoto alitaka akuonyeshe meno yake mapya."

Aliruhusiwa kurudi nyumbani. Semeni hakumkimbilia. Alipotoka shule aliingia kwa mlango wa uani, akapita nyuma ya kiti cha bibi yake na mkoba mgongoni, macho chini, bila kuamkia, na Kondo alipotaka kumkemea mama yake alimzuia kwa mkono. Siku zikapita hivyo. Majirani walipomwoza mtoto wao, kigelegele kilipigwa na mtu mwingine, chembamba, na Bi Chausiku alikisikiliza akiwa kitandani.

Kesho yake alimngoja Semeni pale pale uani. Mtoto alipopita, alifungua mdomo.

"Malahaba."

Neno lilitoka limepinda, na mate yakalifuata. Semeni akasimama.

"Sijakuamkia."

"Uliniamkia, mke mwenzangu," alisema Bi Chausiku, akihangaika na kila neno. "Mimi ndiye nimechelewa kuitikia."

Mtoto aliutazama ule mdomo muda mrefu, kidole kikikuna mkanda wa mkoba.

"Irudie," akasema, bila kusogea.

Bi Chausiku akairudia.