Swali la Mwalimu Raheli

Kila siku saa kumi na mbili asubuhi, nyumbani kwao mtaa wa Chuno, Asia aliamshwa na mguu. Haukuwa mguu wake, ulikuwa wa mama yake mdogo, Rukia, aliyelala naye chumba kimoja. Rukia alianza siku kwa mazoezi kwenye mkeka uliotandikwa kati ya vitanda viwili. Chumba kilikuwa kidogo na Rukia alikuwa mrefu, kwa hiyo akiinua mguu lazima umguse mtu.

"Samahani, mwanangu. Vuta pumzi nawe, usilale bure," Rukia alimwambia, na Asia akajifunika shuka huku akicheka.

Rukia alikuwa fundi cherehani. Mgongo wake ulipoanza kuuma kwa kuinamia cherehani, alijifunza pilatesi, yaani mazoezi ya polepole yanayoimarisha tumbo, kiuno na mgongo huku mtu akifuata pumzi zake. Alipopona, wanawake wa mtaa wa Shangani wakamwomba awaongoze kila Jumatano jioni. Siku moja mmoja wao akamuuliza amesomea wapi. Rukia hakuwa amesomea popote, na tangu siku hiyo hakutulia.

Alipata habari za vyuo viwili. Cha kwanza kilifundisha kwa simu kwa siku tatu tu, kisha cheti kinatumwa. Cha pili kilikuwa Dar es Salaam kwa mwalimu aitwaye Raheli. Huko mwanafunzi alisoma miezi tisa, akajifunza mifupa na misuli, kisha akafundisha watu huku akisimamiwa. Rukia alikuwa amemwandikia Mwalimu Raheli barua na alikuwa akisubiri jibu. Chuo cha siku tatu nacho kilituma ujumbe asubuhi, mchana na jioni: nafasi zinakwisha, wahi sasa. Wiki hiyo Rukia alimshonea mteja suruali yenye mifuko yote miwili upande mmoja.

Asia naye hakuwa na raha. Mama yake alikuwa mpishi hotelini, akirudi Asia ameshalala. Jioni zake zote zilikuwa na Rukia: kusukwa nywele, hesabu za shule na vicheko. Miezi tisa bila Rukia alishindwa hata kuifikiria. Kwake yeye, chuo cha siku tatu ndicho kilichokuwa bora.

Alhamisi mchana Rukia aliiacha simu nyumbani ipate chaji. Ikaita, Asia akapokea.

"Mimi ni Mwalimu Raheli," sauti ilisema. "Mwambie Rukia nimeisoma barua yake. Anipigie kabla ya Jumatatu saa sita mchana, nafasi moja ninamshikia."

"Sawa, mwalimu," Asia alijibu. Kisha akaifuta ile namba kwenye orodha ya simu zilizoingia.

Rukia aliporudi aliuliza, "Kuna mtu amepiga?"

"Hakuna, Mamdogo."

Rukia aliketi kitandani. "Basi hawanitaki," alisema polepole. "Jumatatu nitajiandikisha kile cha siku tatu."

Asia alikuwa amepata alichotaka. Lakini Ijumaa darasani alichonga penseli mpaka ikabaki kipande kisichoshikika. Kila simu ilipolia nyumbani alishtuka, akaikimbilia kabla ya Rukia.

Jumamosi walikwenda kijijini Mahurunga kumsaidia Bibi Mwanakombo, mama yake Rukia, kuokota korosho. Mabibo yaliyoiva yalikuwa yameanguka chini ya mikorosho. Kama wanawake wengi wa huko, Bibi aliyaokota miguu ikiwa imenyooka na kiuno kimekunjika, akinyofoa korosho kwenye tunda na kuitupia kwenye ndoo. Alianza alfajiri. Jua lilipokuwa kali aliketi uani na kukishika kiuno.

"Leo kiuno hiki kimenikataa," alisema.

Rukia alikuwa amekwenda kisimani na simu yake ilikuwa mkononi mwa Asia. Humo mlikuwa na somo la bure la chuo cha siku tatu. Asia aliwaza kwamba akimponyesha Bibi kwa somo lile, Rukia ataona kuwa siku tatu zinatosha, na uongo wake hautakuwa umemdhuru mtu.

"Bibi, nikusaidie mgongo?"

"Nisaidie, mjukuu wangu."

Kwenye simu, mwanamume mwenye tabasamu pana aliketi, akanyoosha miguu na kuinama mbele mpaka akashika vidole vya miguu. Bibi akafanya hivyohivyo. Vidole vilikuwa mbali, kwa hiyo Asia akamsukuma mgongoni.

"Bado kidogo, Bibi."

Bibi aliguna. Akabaki vilevile ameinama, jasho likimtoka usoni. "Niache, Asia. Siwezi kunyanyuka."

Rukia aliwakuta hivyo. Alitua ndoo, maji yakamwagika. Asia alimwonyesha lile somo.

"Mpigie Mwalimu Raheli," alisema.

"Hajanijibu hata barua. Nitampigiaje?"

"Alipiga Alhamisi, Mamdogo. Nilikuficha. Alisema anakushikia nafasi. Sikutaka uende." Asia akaanza kulia.

Rukia alimtazama. Asia alitamani apigwe kofi kuliko kutazamwa vile. Lakini Bibi alikuwa akiugulia, na Rukia akaitafuta namba ya mwalimu kwenye simu, akapiga na kuweka spika.

Mwalimu Raheli alisikiliza, kisha akauliza, "Kabla ya zoezi hilo, mama alikuwa akifanya kazi gani?"

"Akiokota korosho."

"Anaokota akiwa amechuchumaa au ameinama?"

"Ameinama. Tangu alfajiri."

"Kwa hiyo mtu aliyeinama tangu alfajiri, ameinamishwa tena," mwalimu alisema bila ukali. "Miguu ina ganzi? Vidole anavichezesha?"

Bibi alivichezesha.

"Mlazeni chali taratibu, miguu yake iwe juu ya gunia. Asivutwe wala asikandwe. Kisha mpelekeni zahanati leo hii, maana mimi si daktari."

Kwenye zahanati, muuguzi alisema misuli imevutika, akampa dawa na kumwagiza apumzike. Jumapili asubuhi Bibi alitembea mpaka uani akishika ukuta. Simu ya Rukia ikalia: nafasi imebaki moja, wahi sasa. Rukia akaufuta ujumbe ule, akampigia Mwalimu Raheli na kuichukua nafasi yake ya Dar es Salaam.

Kisha akamwita Asia. "Hata mimi nilikosea," alisema. "Nilikimbilia chuo kitakachonipa cheti haraka. Yule mtu wa kwenye simu hakujua kama anamfundisha mwokota korosho au mcheza mpira. Mwalimu Raheli aliuliza kwanza. Mwili wa mtu haufundishwi kwa pupa."

"Na wewe, Asia," Bibi alisema, "ukiogopa kuachwa, sema unaogopa. Mgongo wangu utapona wiki hii. Ungenyamaza mpaka Jumatatu, mama yako mdogo angeamini maisha yake yote kwamba hakufaa. Hilo ungelitibu kwa dawa gani?"

Asia aliinama chini. "Nisamehe, Mamdogo. Nisamehe, Bibi."

"Nimekusamehe," Bibi alijibu. "Korosho zikiisha nitakuja Chuno kukaa nawe. Ila mgongo wangu usiuguse."

Rukia alisafiri mwezi wa kwanza. Kesho yake saa kumi na mbili Asia aliamka mwenyewe, bila mguu wa mtu. Alilia kidogo, kisha akautandika mkeka. Bibi, aliyekuwa amelala kwenye kitanda cha Rukia, akafumbua macho na kusema angependa kujinyoosha naye.

Asia hakumshika. Aliketi kando yake na kuuliza, "Bibi, jana ulifanya kazi gani?"