Mapigo Sitini Kila Siku

Kila asubuhi, kabla sijaweka mguu sakafuni, huweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono na kuhesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima. Ndivyo mwalimu wa michezo alivyotuagiza sisi wa mbio za kupokezana vijiti. Tunaandika daftarini. Mapigo yakizidi ya kawaida kwa matano, anakukalisha benchi, eti umechoka.

Jumatatu nilihesabu sitini na saba. Kawaida yangu ni sitini. Mashindano yalikuwa Jumamosi, na mwezi uliopita nilishakosa mashindano kwa sababu hiyohiyo. Nikaandika sitini. Jumanne, sitini. Jumatano, sitini.

Ila wiki ile nilikuwa sishikiki. Nilimfokea mdogo wangu kwa ajili ya kitana tu, kisha nikaenda kulia chooni. Alhamisi, mazoezini, nilimpa kijiti rafiki yangu tunayemwita Twiga kwa urefu wake. Kikamponyoka.

"Hiyo mikono umeazima?" nilimfokea mbele ya wote. "Mzembe mkubwa wewe!"

Twiga akaangua kilio. "Tafuta mwingine wa kumpa kijiti. Mimi na wewe basi!"

Mwalimu akaomba daftari langu. "Sitini, sitini, sitini. Huu ni moyo wa binadamu kweli?"

Nikaishiwa ujanja, nikasema kweli. Akanipeleka kwa muuguzi wa shule, naye akahesabu mwenyewe: sitini na tisa.

"Mwanangu, hedhi yako inakaribia?"

Mwalimu akageukia dirishani.

"Usikimbie, Mwalimu," muuguzi akasema. "Wewe ndiye hasa unayetakiwa kusikia. Moyo uliotulia haupigi kwa nafasi sawasawa. Nafasi kati ya pigo na pigo hurefuka na kufupika kidogo. Siku chache kabla ya hedhi, kwa wengi wetu, homoni hufanya moyo uende mbio kidogo, na nafasi hizo hazitofautiani kama kawaida. Si ugonjwa. Wengine pia huwa wepesi wa kukasirika na kulia."

Nikamtajia tarehe zangu, akafunua kurasa za daftari langu za miezi miwili iliyopita. Kila mwezi mapigo yalipanda vilevile, kisha yakashuka.

"Kumbe nilimwonea mtoto," Mwalimu akasema. "Sasa nitalinganisha na siku kama hizi za miezi ya nyuma. Jumamosi atakimbia."

Nikapata kiburi. "Basi hata ya Twiga si kosa langu. Ni homoni!"

"Thubutu!" muuguzi akasema. "Hasira ilikuja yenyewe, lakini matusi uliyachagua wewe. Na uongo pia. Kurasa ulizoandika kweli ndizo zilizokutetea leo. Hizi za sitini zimekusaidia nini? Haya, nenda kamwombe mwenzako radhi."

Nilimwomba radhi mbele ya walewale waliosikia nilivyomtukana. Niliona aibu sana.

Twiga akasema, "Haya, yameisha. Lakini ukinifokea tena, nakaa chini hapohapo uwanjani, na wazazi wote wakitazama."

Jumamosi tulishika nafasi ya pili, na sikumfokea mtu.