Soketi Iliyopakwa Masizi

"Hivi, Fundi Liberatus, huyo binti yako unamfundisha spana ili aje aolewe na lori?"

Swali hilo aliuliza Mama Kulwa, muuza vitumbua, jirani yao wa pale Ipogolo, Iringa, siku alipomkuta Yusta amepiga magoti gerejini akifuta vyuma kwa kitambaa chenye dizeli. Fundi Liberatus hakukasirika. Alitoa kichwa chini ya lori akasema, "Lori halilewi, Mama Kulwa. Na likiharibika, tunajua pa kufungua." Watu wakacheka, na Yusta akacheka kuliko wote, maana kazi ile aliipenda.

Yusta alikuwa na miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la sita. Kila Jumamosi asubuhi, akishafagia uwanja na kunywa chai, alikwenda gerejini kwa baba yake kufuta vifaa na kuvikagua. Spana zilirudi ubaoni, kila moja kwenye msumari wake. Nyundo, patasi na bisibisi ziliingia kwenye kasha la mbao. Kisha zilifuata soketi, vile vikombe vya chuma vinavyovalishwa nati ili kuifungua. Soketi nyeusi zililala kwenye boksi la chuma, kila moja katika tundu lake. Soketi za kung'aa zilining'inia ubaoni, mbali na zile nyeusi. Sheria ya gereji ilikuwa fupi: nyeusi kwa mashine, ya kung'aa kwa mkono.

Sababu ya sheria hiyo Yusta aliijua vizuri. Likizo ya Juni baba yake alikwenda naye Mbeya kununua soketi mpya. Katika duka moja pale Mwanjelwa, muuzaji aliyeitwa Gwakisa aliwatandazia kaunta nzima.

"Chukua hizi, fundi," Gwakisa alisema, akishika zile za kung'aa. "Hata ukiziweka sebuleni wageni watasifu."

"Sebule yangu ina mke mkali, haitaki spana," baba alijibu. Akashika soketi ya kung'aa mkono wa kulia na nyeusi mkono wa kushoto. "Yusta, tazama. Ipi ina ukuta mnene?"

"Nyeusi, baba."

"Hii ya kung'aa siyo mbaya. Ukiivuta kwa mkono, polepole, itakutumikia miaka. Lakini mashine ya upepo haivuti, inagonga. Inagonga mara nyingi kuliko unavyoweza kuhesabu. Chuma hiki ni kigumu lakini ni kikavu, hakivumilii kugongwa. Kitapasuka, na kikipasuka kinaruka usoni kwa mtu. Hii nyeusi imetengenezwa kwa ajili ya kugongwa. Sasa chagua wewe namba thelathini na mbili, ya nati za matairi ya malori."

Yusta alizichungulia moja moja, akiziinua kwenye mwanga ili aone kama pembe sita za ndani zimekaa sawasawa. Alipitisha kucha pembeni kutafuta ufa. Ya nne ndiyo aliyoikabidhi. Baba akaigeuza, akaichungulia, akamwambia Gwakisa, "Funga hii. Fundi wangu amechagua." Njia nzima ya kurudi Iringa, Yusta aliipakata soketi ile kwenye mapaja kama mtoto mchanga.

Basi, sikilizeni kilichotokea baadaye.

Shuleni kwao kengele ni rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mkaratusi, na mpiga kengele wa mwaka ule alikuwa Yusta. Rimu ile walikuwa wakiipiga kwa kipande cha nondo, nayo ililia kwa sauti ya kukwaruza. Ijumaa moja shule ilitazamia wageni. Yusta alifikiri, nikiipiga kwa kitu kizito zaidi, italia vizuri. Asubuhi hiyo alipitia gerejini, akafungua boksi la chuma, akatia namba thelathini na mbili kwenye mfuko wa madaftari. Hakumwomba mtu. Alijiambia, jioni nitairudisha.

Kweli rimu ililia! Ilivuma hadi ng'ambo ya barabara kuu. Mwalimu Esnath alitoka ofisini akasema, "Yusta, leo kengele yetu imeokoka!" Yusta akavimba kichwa.

Jioni, akirudi nyumbani na rafiki yake Sarah, alifika darajani akiizungusha soketi kwenye kidole kuonyesha ufundi. Mara ya kwanza ilizunguka. Mara ya pili ikachomoka, ikagonga ukingo wa daraja, ikatumbukia mtoni. Maji ya Ruaha Mdogo yalikuwa yamejaa, ya rangi ya udongo.

"Yesu wangu," Sarah akasema. "Ilikuwa ya baba yako?"

"Usimwambie mtu."

"Mimi sisemi. Ila wewe kaseme."

Yusta hakusema. Kesho yake, Jumamosi, alipofungua boksi la chuma, lile tundu tupu lilimtazama kama pengo la jino. Baba alikuwa amelala chini ya lori upande wa pili, anapiga mluzi wa wimbo wa kwaya. Ingetosha kumwita. Neno "baba" lilifika kwenye ulimi likarudi.

Ndipo alipotupia macho ubaoni, akaona soketi ya kung'aa, namba ileile, na tundu lake la nyuma linaingiana na mashine vilevile. Alikimbia nyumbani, akakwangua masizi chini ya sufuria ya mama, akayachanganya na oili chafu, akaisugua soketi ile nje na ndani hadi ikawa nyeusi ti. Aliilaza kwenye tundu la boksi. Kwenye msumari wake ubaoni akaning'iniza kitambaa. Alipomaliza alinawa mikono mara tatu, lakini weusi ulibaki kwenye kucha.

Haikupita saa moja likaingia lori la mchele kutoka Madibira. Dereva wake, Ngolo, Msukuma mrefu mwenye maneno mengi, alishuka akilalamika kabla hajasalimia. "Fundi, tairi la nyuma limekwisha. Mwenye mzigo ananipigia simu kila dakika tano, utadhani mchele una miguu, utamkimbia!"

"Shadrack, anza na huyu," baba aliita akiwa bado chini ya lori lake.

Shadrack alikuwa amefanya kazi na baba miaka sita. Alikuwa mtu mpole, mwimbaji wa besi kanisani, na Yusta alimwita anko. Aliwasha kompresa, akachukua mashine ya upepo, akanyoosha mkono kwenye boksi.

"Yusta, umeshakagua hizi?"

Hapo ndipo mlango wa mwisho ulipokuwa wazi.

"Ndiyo, anko."

Shadrack hakuitazama mara mbili. Kwa nini aitazame, wakati mkaguzi amesema ndiyo? Nati ya kwanza ilitoka. Ya pili ilikuwa na kutu. Mashine ilinguruma, ikagonga, ikagonga, halafu ukasikika mlio mkali kama jiwe juu ya bati. Shadrack aliangusha mashine na kushika uso. Damu ilipita katikati ya vidole vyake.

"Jicho!" Ngolo alipiga kelele. "Bhabha, mtu ameumia jicho!"

Halikuwa jicho. Zahanati walimshona nyuzi tatu kwenye shavu, na muuguzi akampimia kwa kidole: juu kidogo tu, na jicho lingekuwa limekwenda. Lakini Shadrack aliporudi gerejini na bandeji, Fundi Liberatus alikuwa amesimama na vipande viwili kiganjani. Ukuta wake ulikuwa mwembamba, na palipokwanguliwa vilikuwa vinang'aa; weusi uliobaki ulifanana na oili ya gereji tu.

"Ya kung'aa kwenye mashine," alisema. "Miaka sita nakufundisha, Shadrack. Ungekufa. Ungemuua huyu mtoto aliyesimama hapa."

"Fundi, niliitoa kwenye boksi. Ilikuwa nyeusi."

"Hii ni nyeusi? Uliitoa ubaoni kwa haraka, sasa unaitafutia maneno."

"Fundi, mimi sijawahi kukudanganya."

"Leo umeanza. Fundi mzembe namvumilia. Fundi mwongo siwezi kulala naye chini ya lori moja. Nenda."

Ngolo akatazama chini. Mama Kulwa, aliyekuja na vitumbua vyake, akasimama kimya, jambo ambalo hatujalizoea. Shadrack alivua ovaroli yake ya buluu, akaikunja kidogo, akaitundika kwenye msumari wa mlangoni kama kila siku. Yusta alisimama palepale. Ulimi wake ulikuwa kinywani, mzima, wala haukushonwa nyuzi.

Jioni ile mama yake, Matilda, alipoosha vyombo aliigeuza sufuria akaitazama sana. "Nani amekwangua masizi ya sufuria yangu upande mmoja?" aliuliza. Mama hakuuliza tena. Alitazama kucha za Yusta, akaendelea kuosha.

Jumapili kanisani Shadrack alikuja, lakini hakusimama na kwaya. Alikaa benchi la nyuma, bandeji usoni, na Yusta alisikia wanawake wawili wakinong'ona kwamba fundi amefukuzwa kwa uongo. Waliposali sala ya Bwana, Yusta alifika pale pa kuomba kusamehewa makosa. Alifunga kinywa, akawaacha wengine wamalize.

Nje ya kanisa alitaka kupita pembeni. Shadrack akamwona, akamwita.

"Yusta. Jana katika zile vurugu sikukuuliza. Ulisimama karibu sana. Wewe hukupatwa na kipande?"

"Hapana, anko."

"Mungu asifiwe. Mimi hili shavu litapona." Akamshika kichwani, akaondoka na mkewe. Afadhali angemchapa.

Mchana mama aliandaa ugali na mboga za maboga. Baba alikula kidogo akasukuma sahani. Yusta hakugusa chake. Mama alisema polepole, bila kumtazama, "Chakula hakipiti kwenye koo lenye kitu. Kitoe kwanza."

Yusta akaanza kulia, na kilio kikatoka pamoja na maneno. Aliyasema yote: kengele, daraja, tundu tupu, masizi, oili, kitambaa ubaoni. Akamalizia na lile neno "ndiyo" alilomjibu Shadrack. "Anko hakudanganya, baba. Ilikuwa nyeusi. Mimi ndiye niliyeifanya nyeusi."

Baba alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Kwa nini hukuniambia Ijumaa?" aliuliza hatimaye. "Soketi ni chuma tu. Mwanjelwa zipo."

"Niliogopa, baba. Ulisema mimi ni fundi wako. Niliona hutaniita tena hivyo."

Mama alinawa mikono, akaifuta kwenye khanga, akamgeukia binti yake.

"Nisikilize, Yusta. Kupoteza kitu ni bahati mbaya, na kila mtu hupoteza. Kuchukua bila kuomba ni kosa, lakini ni kosa dogo, lingekwisha Ijumaa ileile kwa machozi kidogo. Wewe ulilipaka masizi. Uongo ndivyo ulivyo, mwanangu. Ukiufanya, wewe unadhani umefunika aibu yako, kumbe umeuweka mkononi mwa mtu mwingine, na siku ukipasuka, unampasukia yeye. Tazama sasa: uliyekosa ni wewe, aliyeshonwa shavu ni Shadrack, na jina lililochafuka kanisani ni la Shadrack. Mtu anayekagua vifaa hakagui chuma tu. Anashika maisha ya mwenzake. Akiulizwa 'umekagua?' na jibu si kweli, ni heri aseme hapana mara mia."

"Nitakwenda kumwomba msamaha," Yusta alisema.

"Utakwenda. Na hao waliosikia uongo, watausikia na ukweli, kutoka kwa mdomo wako. Kufuta vifaa utaendelea, lakini boksi la soketi nyeusi hutaligusa mpaka Shadrack mwenyewe atakapokuruhusu." Kisha mama akamtazama mumewe, na sauti yake ikashuka. "Mtoto alinyamaza, ni kweli. Lakini na wewe, Baba Yusta, mtu uliyefanya naye kazi miaka sita alikuambia ilikuwa nyeusi, wala hukupitisha kidole kwenye kile kipande uone kama kinatoa masizi."

Fundi Liberatus aliinuka, akatoa vile vipande viwili mfukoni, akakisugua kimoja kwa kidole gumba. Kidole kikatoka cheusi. Alikitazama kwa muda. Kisha akavuka uwanja hadi gerejini, na walipomwona akirudi alikuwa amebeba ovaroli ya buluu chini ya kwapa, imekunjwa vizuri. Alivaa kofia yake, akaliacha lango wazi kwa ajili ya binti yake, akashika njia ya kwa Shadrack.