Kioo Kilichotoa Pumzi

Tyubu ya picha ikitobolewa huvuta pumzi. Hilo Fundi Shingo alilijua kama anavyojua viganja vyake. Ndani ya kioo cha televisheni ya kale hamna hata chembe ya hewa, ni utupu mtupu, na fundi akikivunja kile kimkia chembamba cha nyuma, hewa ya nje huingia mbio ikipiga mluzi: fyuuu. Kisha hukata shingo ya kioo, hutoa kidude cha ndani kinachotema mwale, huweka kipya, huunga shingo kwa moto, na kuinyonya hewa upya kwa pampu. Miaka ishirini na tatu alifanya kazi hiyo. Wateja walimwita Shingo kwa sababu ya kuunga shingo za vioo, ingawa na yake mwenyewe haikuwa fupi.

Asubuhi ile tyubu haikuvuta. Ilitoa.

Ilimpumulia usoni pumzi ndefu ya uvuguvugu, kama mtu aliyepanda ngazi nyingi akafika juu. Miwani yake iliingia ukungu. Ikafuata harufu ya chumba alicholala mgonjwa siku nyingi, madirisha yakiwa yamefungwa.

“Ajabu,” alisema peke yake. Akafuta miwani kwa shati, akaendelea na kazi. Mkono uliozoea hauogopi upesi.

Televisheni yenyewe ilikuwa ya dada yake mkubwa, kabati la mbao lenye miguu minne waliloachiwa na baba yao. Dada huyo ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki, yeye akiwa na miaka sita na dada kumi na tano. Alimwogesha, alimpeleka shule, alimchapa akambembeleza, na mpaka leo, fundi akiwa na mvi, alimwita mwanangu. Siku tatu nyuma alikuja nayo kwa teksi, imefungwa kwenye shuka.

“Itengeneze kwa mikono yako mwenyewe, mwanangu. Usimpe fundi mwingine.”

“Fundi mwingine yuko wapi, dada? Tuliobaki kwenye kazi hii hata wa kucheza karata hatutimii.”

Dada hakucheka. Hakukaa hata kunywa maji. Fundi alidhani ni uchovu, maana binti wa pekee wa dada alikuwa mgonjwa mwaka mzima: anakosa pumzi, analala macho wazi, anaanza sentensi asiimalize.

Siku ya pili baada ya kuitoboa ile tyubu, mke wa fundi alikuja karakanani kumwita chakula cha mchana. Karakana ilikuwa chumba cha uani, kando ya jiko. Alisimama mlangoni, akasema, “Chakula kiko...” Akanyamaza. Akashika kifua.

“Kiko wapi?” fundi aliuliza kwa utani. “Kimekimbia?”

“Nani huyo nyuma yako?”

Aligeuka. Nyuma yake palikuwa na rafu yenye tyubu saba, hazijaunganishwa na waya wowote. Jua lilikuwa la utosi. Na pamoja na jua lote lile aliona tyubu ya kwanza ikiwaka weupe hafifu kama maziwa yaliyotiwa maji, kisha ya pili, kisha ya tatu, mwanga ukihama kioo hadi kioo kama mtu anayepita nyuma ya madirisha ya nyumba ndefu akitafuta mlango, na katika kila kioo ulipofika palitokea duara la ukungu kwa ndani, dogo, la kupumuliwa, na ulipofika cha saba, kilichokuwa karibu na mlango, karibu na mkewe, mwanga ukazimika na mkewe akavuta hewa kwa kishindo kama aliyezamishwa majini, akaketi chini polepole huku macho yake yamebaki wazi yakitazama rafu.

Kuanzia hapo hali yake ilikwenda chini. Hospitali walimpima mapafu wakayaona mazima. Akizungumza, maneno yalikatika. Akilala, kope hazikufunga. Harufu ile ya chumba kilichofungwa ilihama karakanani ikaingia kwenye mito, kwenye nguo, hata kwenye nywele zake.

Fundi aliitambua ile dalili. Akajiambia, dada amepita njia hii hii, dada atajua la kufanya. Akaenda kwake mbio kama alivyomkimbilia kila alipoumia tangu utotoni.

Dada alifungua mlango nusu, akasimama katikati, mkono umeshika fremu. Nyuma yake binti yake alikuwa anasuka nywele na rafiki yake, anacheka kicheko kirefu kisichokatika. Binti aliyekuwa hawezi kumaliza neno!

“Amepona?” fundi aliuliza kwa furaha ya kweli. “Dada, mbona hukuniambia?”

“Juzi juzi tu.”

“Sasa wifi yako naye ameanza hivyo hivyo. Niingie nikae, nimekuja mbio.”

“Tuongelee hapa hapa, mwanangu.”

Hapo ndipo aliona kwamba dada hamtazami usoni. Alikuwa anatazama bega lake, na nyuma ya bega lake.

“Dada,” alisema kwa sauti ya chini, “mle ndani ya kioo mlikuwa na nini?”

Dada alichungulia ndani, akauvuta mlango kidogo ili mtoto asisikie. “Mganga alimtoa jini aliyekuwa ndani ya binti yangu, akamfungia mle. Akasema akifunguliwa na mtu wa damu yetu, kwa mikono yake, atahamia nyumbani kwa huyo. Hatarudi tena hapa.”

“Ungeniambia.”

“Ungekubali?”

“Kwa mtoto yule? Ningekubali! Ningempeleka mke wangu kwao kwanza, kisha ningekitoboa mwenyewe. Ungeniambia tu, dada.”

Dada akafunga mlango taratibu, kama alivyokuwa akifunga mlango wa chumba alicholala fundi alipokuwa mdogo. Watu husema kikulacho ki nguoni mwako. Hawasemi maumivu yanakuwaje nguo yenyewe ikiwa ndiyo iliyokukinga baridi.

Fundi alimtafuta mganga yule yule, mtu mfupi mwenye haraka nyingi, kalamu mbili mfukoni kama karani. Mganga alisikiliza, akakasirika.

“Mimi nilimwambia akizike kioo kikiwa kizima, mbali na watu. Basi. Habari ya damu aliniuliza yeye: ‘Na akifunguliwa na ndugu yangu, je?’ Nikamjibu alichouliza.”

Fundi alikuwa amejipa moyo kwamba dada alishauriwa vibaya. Kumbe shauri lilikuwa lake.

“Mrudishie nyumba yake,” mganga alisema. “Huyu ni jini wa utupu, anakula pumzi za watu kwa kukosa pa kukaa. Tengeneza kioo, nyonya hewa, ataingia. Lakini tangu pampu ianze mpaka uzibe, usitoe neno hata moja. Atakuja na sauti unayoitamani. Ukimjibu, umemkaribisha kifuani mwako. Na mkeo asitoke chumbani.”

Saa tatu asubuhi fundi alijifungia karakanani. Tyubu ilikuwa imeshaungwa shingo. Akaiweka kwenye tanuri, akawasha pampu, nayo ikaanza kunguruma. Saa ya kwanza ilipita kimya. Saa ya pili mlango uligongwa taratibu.

“Mwanangu.”

Ilikuwa sauti ya dada. Fundi aliuma kola ya shati.

“Mwanangu, fungua. Nisamehe. Nilikuona huna mtoto, nikasema wewe utastahimili. Nilikosa. Nijibu neno moja tu, hata tusi.”

Machozi yalimtoka, kwa sababu hayo ndiyo maneno aliyoyasubiri pale mlangoni pa dada na hakuyapata, na sasa yalikuwa yanamjia yote kwa mpangilio ule ule aliokuwa ameyapanga moyoni, huku pampu ikinguruma na vioo saba vya rafuni vikiingia ukungu kimoja baada ya kingine na harufu ya mgonjwa ikijaa mpaka akaionja ulimini. Sauti ilinyamaza kitambo. Iliporudi ilikuwa kavu.

“Basi usinijibu. Lakini nikuambie ukweli: nikirudishwa nyuma, ningefanya vile vile.”

Alitaka kupiga kelele. Akabana meno mpaka taya likalia. Saa tisa sindano ya kipimo ilifika mwisho. Akakiyeyusha kile kimkia kwa moto, kikazibika. Ndani ya kioo kitu cheupe kiligeuka mara moja kama samaki, kisha pakawa giza. Na kutoka chumbani, kupitia ukutani, alimsikia mkewe akivuta pumzi ndefu, iliyofika mwisho.

Alimkuta ameketi kitandani, rangi imemrudia, akilia na kucheka.

“Imekwisha,” fundi alimwambia, akamkumbatia.

“Nashukuru Mungu. Lakini mume wangu, dada yako alikuja. Nilimwona dirishani. Alisimama mlangoni pa karakana akizungumza, wewe hukumjibu hata neno. Nilikatazwa kutoka, la sivyo ningemweleza.”

Fundi alimwachia. “Alikuja saa ngapi?”

“Sikutazama saa.”

“Alisema nini?”

“Ningesikiaje na ile pampu? Niliona midomo tu. Wakati wa kuondoka alikuwa anafuta macho.”

Jioni mganga alikuja kukichukua kioo, kimepakiwa kwenye sanduku la maranda ya mbao, akaenda kukizika mahali asipopataja. Wiki ikapita nyumba ikiwa salama. Ndipo fundi alipokwenda kwa dada. Safari hii mlango ulifunguliwa wazi. Binti alimwamkia, “Shikamoo, mjomba,” akamletea kiti na chai. Walikaa, dada na kaka, wakitazama vikombe.

“Siku ile ulipokuja kwangu,” fundi alianza, “uliniambia nini pale mlangoni?”

Dada aliinua uso. Macho yake yalikuwa mekundu, na fundi hakuweza kusoma humo ni yapi yaliyokuwa yake, maneno ya msamaha au yale makavu.

“Kwani hukusikia?”

“Nilisikia.”

“Basi ndiyo hayo hayo,” dada alisema. “Yalikuwa yote ya moyoni mwangu. Na wewe ulinyamaza.”